Kung'oa, kupulizia dawa, kuleta adui wa asili au kuvuna: njia ipi ifuatwe dhidi ya viumbe vamizi?

Msimamizi wa ziwa lililofunikwa na gugu maji, wa msitu ulioingiwa na kichaka cha kigeni, au wa kisiwa kilichojaa panya hukabiliwa na swali lile lile: aanze na nini? Washauri wake huwa hawakubaliani. Mmoja atasema watu waingie kazini na mapanga na mashine, mwingine atapendekeza dawa, wa tatu atasimulia habari za mdudu aliyemaliza gugu kama hilo katika nchi nyingine, na wa nne atauliza kwa nini mali iliyokuja bure itupwe badala ya kuvunwa. Kila mmoja ana mfano wa kweli wa mafanikio, na kwa kila mfano wa mafanikio upo mwingine wa kushindwa. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyekwama kati ya njia hizo nne.

Uzito wa uamuzi wenyewe si wa kutiliwa shaka. Ripoti ya IPBES, jopo la kimataifa linalozishauri serikali kuhusu bayoanuwai, iliyotolewa Septemba 2023, ilionyesha kuwa binadamu amepeleka zaidi ya spishi 37,000 nje ya makazi yake ya asili, na kwamba zaidi ya 3,500 kati ya hizo zina madhara yaliyothibitishwa. Viumbe vamizi wametajwa kuwa na mchango mkubwa katika asilimia 60 ya matukio yanayojulikana ya mimea na wanyama kutoweka duniani, na hasara iliyotokana nao kwa mwaka 2019 ilizidi dola za Marekani bilioni 423. Madhara hayo pia hayaishii kwa kiumbe anayeliwa au anayefunikwa. Katika kisiwa cha Guam, nyoka wa miti wa kahawia aliyeingia baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia alimaliza karibu ndege wote wa asili wa msituni, na miti iliyotegemea ndege hao kusambaziwa mbegu sasa hudondosha mbegu zake chini ya shina lake yenyewe. Msitu unaonekana mzima, ilhali kazi iliyokuwa ikiuendeleza imesimama.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza, ambacho naona kinapaswa kutangulia vingine vyote, ni hatua ambayo uvamizi umefikia. Mwaka 1984 kiraka cha mwani wa kitropiki uitwao Caulerpa taxifolia, chenye ukubwa wa takriban mita moja ya mraba, kilionekana katika bahari ya Mediterania mbele ya makumbusho ya bahari ya Monaco. Hakikuondolewa, na katika miaka iliyofuata mwani huo ulienea katika maelfu ya hekta kwenye pwani za nchi kadhaa. Mwani huo huo ulipogunduliwa Juni 2000 katika wangwa wa Agua Hedionda karibu na San Diego, Marekani, kazi ilianza ndani ya wiki chache: wazamiaji walifunika kila kiraka kwa turubai, wakakandamiza kingo zake zisiachie upenyo, kisha wakaingiza klorini ndani. Mwaka 2006 mwani huo ulitangazwa kuwa umetokomezwa, kwa gharama ya takriban dola milioni 7. Kiumbe alikuwa yule yule. Tofauti kubwa ilikuwa muda uliopita kabla ya mtu kuchukua hatua. Kadiri eneo lililovamiwa linavyopanuka, lengo hushuka kutoka kutokomeza hadi kuzuia kuenea, na hatimaye kuishi na kiumbe huyo huku makali yake yakipunguzwa. Njia inayofaa katika lengo moja yaweza kuwa upotevu wa fedha katika lengo jingine.

Cha pili ni mwenendo wa kiumbe mwenyewe: anazaana vipi, anachipua kutoka kwenye kisiki au kipande cha mzizi, mbegu zake hukaa ardhini muda gani. Cha tatu ni kasi ya matokeo pamoja na kudumu kwake, mambo mawili ambayo mara nyingi hayaji pamoja. Cha nne ni madhara ya pembeni na uwezekano wa kurudi nyuma endapo njia iliyochaguliwa itageuka kuwa kosa. Cha tano ni gharama, na hapa simaanishi bajeti ya mwaka wa kwanza peke yake, bali kazi inayobaki baada ya wafadhili na waandishi wa habari kuondoka.

Kuzuia kiumbe asiingie hakumo katika ulinganisho huu, kwa sababu msomaji ninayemwandikia tayari amekwisha kuvamiwa. Hata hivyo, lolote atakalochagua litabomoka ikiwa mlango alimopita mvamizi wa kwanza umebaki wazi.

Njia ya kwanza: kung'oa, kukata na kutega

*Hatua na mwenendo.* Njia hii hufaa pale uvamizi ukiwa bado mdogo, mimea ikionekana kwa macho, na kiumbe mwenyewe asiwe na uwezo wa kuchipua upya. Gugu karoti ni mfano mzuri: hung'oka kwa mkono, lakini lazima ling'olewe kabla ya kutoa maua, kwa kuwa mmea mmoja unaweza kutoa zaidi ya mbegu 10,000, na anayeling'oa avae glavu na kuziba pua, kwani huwasha ngozi na chavua yake huleta matatizo ya kupumua. Kwa mimea mingine, panga ni msaidizi wa mvamizi. Mathenge, mti wa jamii ya Prosopis, ukikatwa na kisiki kikaachwa hutoa machipukizi mengi, hivyo mti uliokuwa na shina moja hugeuka kichaka chenye miiba kisichopitika. Gugu maji nalo likikatwakatwa na mashine, vipande vinavyosalia huelea hadi ghuba nyingine na kuanza maisha mapya.

*Kasi na kudumu.* Matokeo huonekana siku hiyo hiyo, na hapo ndipo penye mtego. Katika maji yenye joto na rutuba nyingi, gugu maji huweza kuongezeka maradufu katika muda wa takriban wiki mbili. Ikiwa mashine inaondoa kiasi kidogo kuliko kinachoota, ziwa litamaliza mwaka likiwa kama lilivyoanza, ingawa picha za marundo ya magugu ufukweni zitakuwa nyingi.

*Madhara ya pembeni.* Ni madogo kuliko ya njia nyingine zote, na kosa hurekebishika. Tahadhari kuu ni udongo wa kingo za mito, ambao ukivurugwa huwa kitalu cha mbegu za mvamizi yule yule, na mitego isiyochagua mnyama.

*Gharama na kazi inayobaki.* Vifaa ni rahisi, watu ndio ghali, na ufuatiliaji huchukua miaka. Mbegu za gugu maji huweza kukaa kwenye tope kwa takriban miaka 20 zikiwa hai. Kwa upande wa wanyama, Uingereza ilionyesha kuwa mpango wa malipo una uzito kama mtego wenyewe. Kampeni dhidi ya koipu, mgugunaji mkubwa wa majini aliyeingizwa kutoka Amerika Kusini kwa ajili ya manyoya, ilianza mwaka 1981 na kukamilika mwaka 1989. Wategaji waliajiriwa kwa mshahara na kuahidiwa bonasi kubwa ambayo ingetolewa pale tu wanyama wote watakapokuwa wamekwisha, nayo ilipungua kadiri kazi ilivyochelewa. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kubakiza jozi moja ili apate kazi mwaka ujao.

*Inamfaa nani.* Vikundi vya wananchi, wamiliki wa maeneo madogo, na hifadhi zinazogundua uvamizi mapema na zenye watu wa kurudi eneo lile lile msimu baada ya msimu.

Njia ya pili: dawa na sumu

*Hatua na mwenendo.* Dawa hufika mahali ambapo mkono haufiki: ndani ya mzizi, kwenye mapango ya panya, katika madimbwi ya mbu. Kwa mimea inayochipua, kupaka kiuagugu kwenye kisiki mara tu baada ya kukata huziba upungufu mkubwa wa panga, na hutumia kiasi kidogo sana cha dawa kuliko kupulizia majani ya msitu mzima.

*Kasi na kudumu.* Kwa eneo kubwa hakuna njia yenye kasi kama hii, na pale inapotimizwa kikamilifu matokeo yake ni ya kudumu. Mbu wa Afrika, Anopheles gambiae, aliyegunduliwa Natal nchini Brazili mwaka 1930, alitokomezwa kufikia mwaka 1940 katika kampeni iliyoongozwa na Fred Soper, ambayo ilitia dawa kwenye mazalia na kupulizia majumba na vyombo vya usafiri. Kisiwa cha South Georgia kilidondoshewa chambo cha sumu kwa helikopta kati ya 2011 na 2015, na Mei 2018 kikatangazwa kuwa hakina panya. Takwimu zilizokusanywa katika visiwa 998 zinaonyesha kuwa asilimia 88 ya majaribio 1,550 ya kutokomeza wanyama vamizi yalifanikiwa. Lakini kutokomeza hakuna nusu. Katika kisiwa cha Gough, kusini mwa Atlantiki, chambo kilidondoshwa katikati ya mwaka 2021 ili kuwaondoa panya wanaotafuna makinda ya ndege wa baharini wakiwa hai. Desemba ya mwaka huo huo panya mmoja alionekana kwenye kamera, na huyo alitosha kuonyesha kwamba kazi haikukamilika.

*Madhara ya pembeni.* Hapa ndipo penye wasiwasi wa haki. Sumu ya panya huua pia ndege wanaokula chambo au mizoga. Ndiyo maana katika kazi ya Gough baadhi ya ndege wasiopatikana kwingineko duniani walikamatwa kwanza na kutunzwa kwenye vizimba hadi chambo kilipokwisha. Gugu maji likipuliziwa kwa wingi, tani za majani huzama na kuoza, oksijeni hupungua majini, na samaki hufa kwa sababu ambayo haikuandikwa kwenye lebo ya dawa. Kuhusu afya ya wanaopulizia, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, mwaka 2015 liliiweka glaifoseti, kiuagugu kinachotumika kuliko vyote, katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu, ingawa mamlaka kadhaa za udhibiti hazikukubaliana na tathmini hiyo. Anayechagua njia hii anabeba wajibu wa kuwavika watu wake vifaa vya kinga na kuwaeleza kwa nini wanavivaa.

*Gharama na kazi inayobaki.* Bei ya dawa na wataalamu ni kubwa mwanzoni, kisha hupungua. Panapokosekana utokomezaji kamili, dawa hurudiwa kila mara, na usugu huweza kujitokeza.

*Inamfaa nani.* Visiwa na maeneo mengine yaliyojitenga, uvamizi mpya unaohitaji kufutwa haraka, na mamlaka zenye uwezo wa kisheria na kiufundi wa kusimamia sumu.

Njia ya tatu: adui wa asili

*Hatua na mwenendo.* Mmea unaotamba ugenini mara nyingi umewaacha nyuma wadudu na magonjwa yaliyouzuia kwao. Udhibiti wa kibayolojia humtafuta adui huyo kule mvamizi alikotoka na kumleta. Njia hii huanza kufaa pale nyingine zinapozidiwa, yaani uvamizi unapokuwa mpana kiasi kwamba hakuna jeshi la vibarua wala ndege za kupulizia zitakazoumaliza.

*Kasi na kudumu.* Mfano unaotajwa zaidi ni wa dungusi kakati nchini Australia. Katika miaka ya 1920 mmea huo ulikuwa umefunika takriban hekta milioni 24, na wakulima walihama mashamba yao. Mwaka 1926 nondo aitwaye Cactoblastis cactorum, aliyetoka Argentina, aliachiliwa. Viwavi wake walitoboa mashina na kuyaozesha kutoka ndani, na kufikia mwaka 1933 sehemu kubwa ya msitu huo wa miiba ilikuwa imeanguka. Barani Afrika, vidung'ata vya muhogo, wadudu waharibifu wa zao hilo, vilivyoingia miaka ya 1970 vilidhibitiwa na nyigu mdogo kutoka Paraguay, aliyeanza kuachiliwa Nigeria mwaka 1981. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Mkulima hakununua chochote wala kufundishwa chochote, na nyigu alivuka mipaka bila kibali.

Mafanikio hayo hayaji kwa kukisia. Gugu liitwalo salvinia lilipoziba mito na mabwawa ya kitropiki, wadudu wa kwanza walioletwa kupambana nalo hawakufua dafu. Sababu ilikuja kueleweka baadaye: walikuwa wamekusanywa kutoka kwenye mmea wa jamaa yake, kwa kuwa gugu lenyewe halikuwa limetambuliwa ipasavyo. Makazi yake halisi yalipopatikana kusini-mashariki mwa Brazili mwaka 1978, mbawakavu mdogo mweusi aliyetolewa huko aliachiliwa mwaka 1980 katika ziwa Moondarra nchini Australia, na ndani ya takriban mwaka mmoja tani 18,000 za gugu zilikuwa zimekufa. Wadudu wa awali na huyu walifanana kiasi kwamba mwanzoni walidhaniwa kuwa spishi moja.

*Madhara ya pembeni.* Swali linaloamua kila kitu ni kama adui anayeletwa anakula kitu kimoja au anakula chochote. Chura wa miwa, aliyepelekwa Queensland mwaka 1935 kula mbawakavu wa miwa, hakuwadhibiti, ila amesambaa hadi maelfu ya kilomita na kuwaua kwa sumu yake nyoka, mijusi wakubwa na wanyama wadogo walao nyama. Konokono mla konokono aliyepelekwa visiwa vya Polinesia ya Kifaransa katika miaka ya 1970 kumwinda konokono mkubwa wa Afrika, aliwageukia konokono wadogo wa Partula na kuzifuta spishi nyingi katika makazi yao. Hata mla kitu kimoja ana mipaka ya kijiografia: nondo yule aliyesifiwa Australia alipelekwa Karibiani mwaka 1957, na mwaka 1989 akaonekana Florida, ambako dungusi kakati ni mmea wa asili na baadhi ya spishi zake ni adimu. Majaribio ya kisasa, ambapo mdudu akiwa karantini hupewa mimea mingi ili ionekane atakula ipi, yamepunguza sana ajali za namna hii. Lakini aliyekwisha kuachiliwa hakamatiki tena, na kwa hiyo uamuzi huu hauwezi kuwa wa mtu mmoja, kijiji kimoja, wala, kwa kweli, nchi moja peke yake.

*Gharama na kazi inayobaki.* Utafiti huchukua miaka kabla ya mdudu wa kwanza kuachiliwa, na matokeo huchukua miaka mingine. Baada ya hapo gharama hushuka karibu na sifuri. Mvamizi hatoweki kabisa. Hupungua, na mara kwa mara huinuka. IPBES inakadiria kuwa zaidi ya asilimia 60 ya programu zilizorekodiwa dhidi ya mimea na wadudu vamizi zilifanikiwa, kiwango kizuri ambacho bado kinaacha sehemu kubwa ya kushindwa.

*Inamfaa nani.* Serikali na taasisi za utafiti zinazokabili uvamizi uliokwisha kusambaa, zenye subira na maabara ya karantini. Haimfai kamwe mtu binafsi anayetaka kubeba mdudu kwenye chupa.

Njia ya nne: kuvuna na kutumia

*Hatua na mwenendo.* Mathenge huchomwa mkaa, gugu maji hufumwa vikapu na kutengenezwa gesi, samaki simba wa Bahari ya Hindi na Pasifiki huliwa katika Karibiani, ambako ni mvamizi. Njia hii huhitaji wingi wa kiumbe. Haina maana kwa uvamizi mpya.

*Kasi na kudumu.* Hupunguza pale watu wanapofika. Samaki simba hupungua kwenye miamba inayopigwa mbizi mara kwa mara, lakini jike mmoja huweza kutaga mayai takriban milioni mbili kwa mwaka, na wengine huishi kina ambacho mpiga mbizi hafiki. Sijaona mfano wa mmea vamizi ulioenea sana kisha ukamalizwa kwa soko pekee.

*Madhara ya pembeni.* Hatari yake ni ya kiuchumi: kipato kikishazoeleka, mvamizi hupata watetezi, na wengine huweza kumpanda kwingine. Namna ya kutumia nayo ina uzito. Maganda ya mathenge yakiliwa mazima na mifugo, mbegu hupita tumboni zikiwa hai na kupandwa pamoja na samadi. Yakisagwa kwanza, mbegu huvunjika na chakula cha mifugo hubaki.

*Gharama na kazi inayobaki.* Hujilipia kwa sehemu, jambo ambalo njia nyingine haziwezi. Kisiki kinachobaki kikiachwa bila kuuawa, faida ya mwaka huu ni kichaka cha mwaka ujao.

*Inamfaa nani.* Jamii zinazoishi katikati ya uvamizi mkubwa na zinazohitaji kipato wakati suluhisho la kudumu likisubiriwa.

Mwongozo kwa hali uliyo nayo

Ikiwa kiumbe ameonekana mahali pamoja au machache tu, usisubiri utafiti mrefu: mtambue kwa uhakika, toa taarifa kwa mamlaka, kisha ung'oe, utege au utumie dawa kwa lengo la kumaliza kabisa, na uendelee kukagua muda mrefu baada ya kutomwona. Florida ilitangaza kumtokomeza konokono mkubwa wa Afrika mwaka 1975, akagunduliwa tena mwaka 2011, akatokomezwa 2021, na mwaka uliofuata akaonekana upya.

Ikiwa eneo ni kisiwa au bonde lililojitenga na mvamizi ni mnyama, sumu yenye usimamizi mkali ndiyo yenye rekodi nzuri zaidi, mradi fedha zinatosha kufikia mnyama wa mwisho na viumbe wa asili wamewekewa kinga.

Ikiwa mmea umeenea mkoa mzima na unachipua, panga peke yake halitoshi. Unganisha kukata na dawa ya kisiki katika maeneo yenye thamani kubwa, kama vyanzo vya maji na malisho, huku ukiishinikiza serikali kuanza utafiti wa adui wa asili. Mpango wa Working for Water wa Afrika Kusini, ulioanza mwaka 1995, umefuata mchanganyiko huo na kuwapa kazi watu wengi wasio na ajira.

Ikiwa ni gugu la majini katika ziwa kubwa, weka mashine na vibarua kwenye bandari, mitambo ya maji na mialo, na uache eneo la wazi kwa wadudu. Katika Ziwa Victoria, fukusi wa gugu maji waliachiliwa kuanzia mwaka 1995, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 gugu lilikuwa limepungua sana, ingawa wataalamu bado wanajadili kiasi cha mchango wa mvua na mawingu ya El Niño ya 1997 na 1998. Liliinuka tena mwaka 2006 na 2007 katika ghuba ya Winam baada ya mvua kubwa, kwani rutuba inayoingia kutoka mashambani na mijini haikuwa imepungua. Mahali pa namna hiyo, kazi ya kupunguza maji taka ni sehemu ya udhibiti.

Ikiwa watu tayari wanapata riziki kutokana na mvamizi, usiwazuie ghafla wala usiwaachie jukumu lote. Weka masharti ya uvunaji yanayoua kisiki na kuharibu mbegu, na uyapangie tangu mwanzo muda wa kuisha.

Na ikiwa fedha zilizopo ni za msimu mmoja tu, usizipeleke katikati ya kichaka kikubwa, hata kama ndiko kunakoonekana barabarani. Zitumie kuondoa viraka vidogo vilivyojitenga pembezoni, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyosukuma mbele mpaka wa uvamizi, na kazi iliyofanyika huko haifutwi na mbegu za jirani msimu unaofuata.